Milioni 500 ni zile zile, saiti sio ile ile

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua na naomba msinikate sana, maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Mimi ni mkadiriaji majenzi, yani mtu wa kupima na kuhesabu gharama za jengo, huko saiti wanatuita QS, wengine wanatuita injinia tu na sisi tunaitika, yaishe. Kazi zangu nyingi miaka ya karibuni zimekuwa za afya, yani zahanati, vituo vya afya, majengo ya wazazi, hospitali za wilaya. Sasa kila nikisoma habari ya kituo cha afya ambacho hakijaisha nakuta imeandikwa kwa mtindo mmoja, serikali ilileta milioni 500, jengo limeishia kwenye lenta, wananchi wanahoji hela zimekwenda wapi, kiongozi kafika kafoka kasema atawaweka watu ndani. Na ukipita vijiweni jibu ni moja tu, wamekula.

Wengine wamekula kweli, sitetei mtu hapa. Lakini kuna saiti nyingine hela haijaliwa na mtu yeyote, ilikuwa haitoshi tangu siku inaingia kwenye akaunti, na kila aliyekuwa anajua kuhesabu alikuwa anajua hivyo, ila hakuna aliyeulizwa. Na ubaya wake ni kwamba mwizi wa kweli anajificha hapo hapo. Kama vituo kumi vyote vimepewa kiasi kimoja na sita havijaisha, nani atakwambia yupi kaishiwa na yupi kaiba? Wote watakwambia bei zilipanda.

Turudi nyuma kidogo. Kwa mtindo huu tumejenga vingi mno, na lazima tuseme ukweli, vingi vimesaidia watu. Mwaka wa fedha 2018/19 zilianza hospitali 67 za halmashauri, kila moja ikapelekewa bilioni 1.5 kwa majengo saba. 2021 zikaja tozo za miamala ya simu, zile tulizozipigia kelele wote, zikajenga vituo vya afya 234 kwenye tarafa, milioni 500 kila kimoja kwa awamu mbili za 250. Awamu ya kwanza jengo la wagonjwa wa nje, maabara na kichomea taka, awamu ya pili jengo la wazazi, upasuaji na la kufulia. Mwaka huo huo ukaja ule mkopo wa IMF wa UVIKO, trilioni 1.3, humo ndani kulikuwa na madarasa 15,000 ya milioni 20 kila moja na majengo ya dharura na ICU mahospitalini. Karibu yote hayo yamejengwa kwa fosi akaunti, yani halmashauri inanunua vifaa yenyewe, inaajiri fundi wa kumlipa ufundi tu, na kamati za wananchi zinasimamia manunuzi, mapokezi na ujenzi.

Mimi sina ugomvi na fosi akaunti. Najua wenzangu wengine kwenye fani hawataipenda hii sentensi, lakini nimeona jengo la wazazi limejengwa na fundi wa kijijini kuta zimenyooka kuliko kazi za makandarasi wenye magari makubwa na ofisi zenye AC. Ugomvi wangu ni na hiyo namba moja inayotumwa kila mahali kama sare ya shule, mnene na mwembamba wote saizi ile ile.

Ngoja nieleze kwa hesabu, maana bila hesabu tutaonekana tunalalamika tu.

Ramani zinakuja kutoka juu zikiwa zimeshachorwa, za mfano mmoja, na hilo ni jambo zuri kwa sababu daktari akihamishwa kutoka Masasi kwenda Biharamulo anakuta jengo analolijua. Kuanzia sakafuni kwenda juu jengo ni lile lile, kwahiyo vipimo vyake havibadiliki, tofali ni zile zile, bati ni zile zile. Kinachobadilika ni viwili, bei ya kila kitu na kila kilicho chini ya sakafu. Hapo ndipo hela inapopotelea na hapo ndipo huwa haendi mtu kupima.

Chukua zege la sakafu ya jengo moja, tuseme mita za mraba 300, unene sentimita 10. Hiyo ni mita za ujazo 30. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, kila mita ya ujazo inakula mifuko sita na nusu hivi, kwahiyo ni mifuko 190 na kitu, bado hujaweka ile inayomwagika na kuganda. Sasa mfuko ukitofautiana shilingi 6,000 tu kati ya mjini na huko saiti ilipo, hapo tayari milioni moja na laki moja imeondoka kwenye sakafu peke yake, ya jengo moja. Hujagusa msingi, nguzo, lenta, plasta, wala tofali ambazo nazo ni saruji. Na aliyejenga Bunju, karibu kabisa na kiwanda cha Wazo Hill, kapewa milioni 500, na aliyejenga kwenye visiwa vidogo vya Ukerewe kapewa milioni 500. Yule wa kisiwani saruji yake imepanda lori mpaka Mwanza, imeshuka, imepanda kivuko, imeshuka tena, imepanda mtumbwi wa injini, imeshuka majini watu wanabeba mabegani, na kila bega linalipwa. Ikinyesha njiani mifuko kadhaa inageuka mawe. Kokoto za mashine huko hazipo, zinagongwa kwa nyundo na akina mama au zinakuja kwa boti nazo.

Alafu kuna udongo. Wasukuma wanajua mbuga ni nini, ule udongo mweusi wa Simiyu na Shinyanga, kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unaingia, masika unavimba unakuwa kama uji. Pamba inapendeza humo, msingi wa jengo haupendezi. Ukivimba unainua ukuta, ukikauka unauachia, na ukuta wa tofali haujui kucheza. Kuna jengo la wazazi nililoitwa kulitazama kwenye wilaya moja ya huko, silitaji, lilikuwa na mwaka mmoja na ushee tu tangu likabidhiwe, nilikuta ufa umeanzia kona ya dirisha ukashuka kwa mshazari mpaka chini, kidole cha shahada kinaingia mpaka fundo la kwanza. Muuguzi ameuziba na gazeti ili mijusi isiingie kwenye chumba cha kujifungulia (sijui lilikuwa gazeti gani, naomba lisiwe lenu). Mlango wa chumba ulikuwa haufungi tena kwa sababu fremu imeshapinda. Nikaomba BOQ, yani ile orodha ya vipimo, vifaa na bei za jengo zima. BOQ inasema msingi wa kina cha mita moja. Mita moja pale ni katikati kabisa ya udongo mweusi, ardhi ngumu ilikuwa kwenye kina cha mita mbili. Fundi kachimba kama karatasi ilivyomwambia, kamati imenunua mawe kama karatasi ilivyowaambia, hakuna aliyeiba hata msumari, na jengo limepasuka.

Msingi wa mita mbili badala ya moja gharama yake ni hivi. Mtaro wa mita 100 wenye upana wa sentimita 75, kwa kina cha mita moja unachimba mita za ujazo 75, kwa mita mbili unachimba 150. Kuta za msingi zinakuwa mara mbili, mawe mara mbili, saruji ya kujengea mara mbili, na ule udongo mweusi hauruhusiwi kurudi chini ya sakafu, unatupwa, unanunua moramu unashindilia. Zidisha kwa majengo matano au sita. Hela hiyo kwenye milioni 500 haimo. Haijawahi kuwemo, kwa sababu aliyepanga milioni 500 alikuwa hajui kama saiti ina mbuga au ina mwamba.

Na mwamba nao una yake, na mteremko pia. Vijiji vinatoa kiwanja bure na mara nyingi kinachotolewa ni kile ambacho hakilimiki, basi tunapewa kilima. Jengo la mita 30 kwa 10 kwenye kiwanja kinachoshuka mita mbili kutoka upande mmoja kwenda wa pili linataka kifusi cha karibu mita za ujazo 300 kabla hujafikiria sakafu. Fuso likibeba mita tano ni tripu 60, na kifusi kikishindiliwa kinapungua kwahiyo ni zaidi. Wananchi watajitolea nguvu kazi, ndio, watachimba msingi na kusogeza mawe, lakini huwezi kuwaambia wananchi wajitolee tripu 60 za Fuso.

Sasa kinachonishangaza kuliko vyote. Kwenye mkataba wa kawaida wa mkandarasi, QS anakuwepo, sheria yetu ya usajili ya 2010 ipo na bodi yetu ya AQRB, inayosajili wabunifu majengo na sisi wakadiriaji, ipo inafuatilia. Ikija fosi akaunti anaambiwa kaa pembeni, hamna mkandarasi wa kumhesabia. Ni kinyume kabisa! Mkandarasi akikosea hesabu, saruji ikamwishia, ni shauri lake, alishaweka faida na wasiwasi wake kwenye bei, atakopa benki au atauza gari lakini jengo unamdai kwa bei mliyosaini. Kwenye fosi akaunti fundi amesaini ufundi peke yake. Saruji ikiisha anakunja mikono anakaa chini ya mwembe anasubiri, na yuko sahihi. Hatari yote ya vipimo imehamia kwa mwalimu mkuu, kwa mganga mfawidhi, kwa mama muuza vitenge aliyechaguliwa kwenye kamati ya mapokezi. Hao ndio tumewaachia kubeba hesabu ambayo sisi tulisomea miaka Chuo Kikuu Ardhi na bado tunakosana wenyewe kwa wenyewe.

Na hao watu wa kamati wasidharauliwe. Kwenye kituo kimoja nilikutana na mama mmoja, mtu mzima, shikamoo yake lazima uipige kabla ya kusema lolote, alikuwa anatunza daftari la stoo. Daftari la mistari la kawaida, kalichora kwa rula, tarehe, kilichoingia, kilichotoka, nani kachukua, sahihi. Fundi akichukua mifuko kumi asubuhi, jioni mama anapita anaangalia zimejengwa kozi ngapi, yani mistari mingapi ya tofali. Nikamuuliza mama unajuaje kama mifuko kumi ni halali? Akaniambia, "Mwanangu, juzi kumi ilijenga kuanzia hapa mpaka kwenye ile nguzo, leo kumi imefika hapa tu, sasa nimwulize nani kama sio yeye." Hicho alichokuwa anafanya ndio kazi yangu yote ninayolipwa, kulinganisha kilichoingia na kilichosimama. Alichokosa ni kitu kimoja tu, karatasi ya kumwambia tangu mwanzo kwamba ukuta huu wote unatakiwa ule mifuko mingapi. Angekuwa nayo asingehitaji kusubiri fundi akosee ndio agundue. BOQ ilikuwa kwenye kompyuta ya mtu halmashauri.

Kwenye majengo ya afya kuna mengine ambayo huwezi kuyakuta kwenye darasa au nyumba ya mwalimu, na hapa ndipo namba moja ya nchi nzima inapochekesha zaidi. Hospitali sehemu kubwa ya gharama haionekani kwa macho, ipo ndani ya ukuta na juu ya dari na chini ya ardhi. Umeme wa njia tatu, jenereta na swichi yake ya kubadilisha, mabomba ya oksijeni, maji ya moto, feni za kutoa hewa, mfumo wa maji taka, shimo la kondo la nyuma. Mtu wa kawaida anaona kuta na bati anasema jengo limekamilika asilimia 90, mimi nikiangalia naona nusu ya hela bado haijatumika. Kiongozi akija kukagua anaonyeshwa rangi.

Chumba cha eksirei, kwa mfano. Sheria ya Nguvu za Atomiki ya 2003 ipo wazi na Tume ya Nguvu za Atomiki kule Arusha lazima ikague chumba kabla ya kutoa leseni. Ukuta unatakiwa uwe mzito, tofali ngumu zisizo na matundu zilizolazwa au zege, mlango uwe na karatasi ya madini ya risasi ndani yake, kidirisha cha mpiga picha kiwe cha kioo chenye risasi. Hospitali moja nimeikuta ina mashine mpya kabisa, ya kidijitali, ipo ndani ya boksi lake la mbao kwenye korido, wagonjwa wanaliegemea wanasubiri namba zao. Chumba kipo, kimepakwa rangi vizuri na vigae vya kung'aa, mlango wa mbao wa kawaida wenye kitasa cha chumbani, umeme wa njia moja. BOQ iliandika "mlango wa mbao" milango yote ya jengo, kwa mkupuo mmoja, aliyeandika hakujali nyuma ya mlango huu kutakaa nini. Mlango wenye risasi bei yake sio ya kufananisha na ule wa mbao, kwahiyo hela ya kubadilisha haipo, kwahiyo mashine inasubiri bajeti nyingine, na udhamini wa mashine unaisha ikiwa kwenye boksi. Hapo nako atatafutwa mwizi.

Chumba cha upasuaji hivyo hivyo. Mlango ukiwa wa sentimita 90 kitanda cha magurudumu kinapita kwa kubembelezwa, na mama anayetoka damu hana muda wa kubembelezwa. Kona ya sakafu na ukuta inatakiwa ipindwe iwe duara ili uchafu usijibanze, terazo nzuri inafanya hivyo bila shida, lakini terazo ni ghali na mafundi wake wamebaki wachache, basi hela ikibana inakuja vigae vyenye mifereji kila sentimita 40, na wadudu wote wa theatre wanahamia kwenye mifereji. Bomba la kunawia linatakiwa lile la kufungua kwa kiwiko. Ni vitu vidogo hivi, kila kimoja ukikitoa unaokoa laki mbili, laki tatu, na hakuna atakayegundua siku ya uzinduzi.

Na maji. Sitasema mengi hapa maana nikianza sitamaliza, nitauliza tu, kwenye zile milioni 500 maji yamo? Mabomba ya ndani yamo, masinki yamo, koki zinang'aa. Kisima kirefu kinakula mamilioni kwa makumi na kinategemea maji yako kina gani, hicho ni "mradi mwingine". Wodi ya wazazi inafunguliwa, ndugu wanakuja na madumu.

Kuna na ishu ya Juni 30. Mwaka wa fedha unaisha tarehe hiyo na hela isiyotumika inarudi Hazina, na mara nyingi hela yenyewe imeingia imechelewa, basi miezi ya mwisho ni mbio. Zege linataka siku 28 kufikia nguvu yake na wiki ya kwanza linataka kumwagiliwa maji asubuhi na jioni, halijui Juni ni nini. Nimeona fomu, zile mbao za kushikilia zege, zinatolewa kwenye boriti siku ya nne. Na wakati ule wa UVIKO kila halmashauri nchi nzima ilikuwa inanunua nondo na bati na saruji miezi ile ile, huku kwetu bei zikaruka, mafundi wazuri wakawa wanagombaniwa, lakini darasa likabaki milioni 20 na kituo kikabaki pale pale. Hata mtu asiyesoma uchumi anajua ukiwatuma watu wote sokoni siku moja nyanya zitapanda.

Mtaniambia, Mkaguzi Mkuu, yani CAG, si yupo? Yupo, na kila mwaka mwisho wa Machi ripoti yake inafika kwa Rais na miradi ya afya isiyoisha haikosi humo. Lakini CAG anakuja baada ya maziko. Anakagua risiti zipo au hazipo, vifaa vilipokelewa au havikupokelewa, jengo lipo au halipo. Swali la kama ile hela ingeweza kutosha hata ikitumiwa na malaika, hilo lilitakiwa lijibiwe kabla, na linajibiwa na mtu mwenye futi kamba na buti, sio mwenye faili.

Sasa nasema nini kifanyike, maana kulalamika bila kusema ni kuchosha watu. Hela isitumwe yote kwa mara moja kwa kiasi kimoja. Itangulie kidogo tu, ya kupima. Watu wawili watatu waende saiti, wachimbe mashimo manne matano ya kina cha mita mbili hadi tatu waone udongo, hiyo kazi vijana wa kijiji wanaifanya kwa siku moja, wapime mteremko, waulize bei dukani pale pale na sio bei ya Kariakoo, waulize lori linafika wapi na kuanzia hapo mzigo unabebwa na nini, waone maji yako wapi na nguzo ya TANESCO iko wapi. Alafu BOQ ya ramani ile ile irekebishwe kwa saiti ile. Itakuja milioni 430 kwa mmoja na milioni 610 kwa mwingine na 480 kwa mwingine. Ndio zitumwe hizo. Mwenye 430 akishindwa kumaliza, huyo sasa mkamateni, hana pa kujificha.

Najua jibu la kwanza litakuwa halmashauri ziko 184 na nyingi hazina QS hata mmoja. Kweli. Lakini mkoani wapo, Wakala wa Majengo (TBA) wapo, na mitaani wapo vijana waliomaliza chuo wanauza vocha na kuendesha bodaboda huku wana digrii ya kuhesabu majengo. Mkusanyeni mmoja kwa halmashauri mbili mumlipe posho ya kawaida. Gharama yake kwa mwaka haifiki gharama ya msingi mmoja uliopasuka. Na mtaambiwa pia kwamba kutuma kiasi tofauti kutaleta kelele, madiwani watauliza kwa nini jirani kapewa zaidi. Wawekeeni mezani vipimo vya udongo na umbali wabishane na vipimo.

Kingine, lile bango la mradi. Kila saiti lina bango, jina la mradi, chanzo cha fedha, kiasi, basi. Ukiandika milioni 500 kwenye bango mwanakijiji hawezi kuikagua milioni 500, hajawahi kuiona. Andika chini yake jengo la wazazi saruji mifuko kadhaa, nondo za milimita 12 vipande kadhaa, bati kadhaa za geji 28, milango kadhaa. Yule mama mwenye daftari atamaliza ukaguzi wenu wote kabla gari la mkoa halijawashwa.

La mwisho ni kwenu ninyi wa gazeti. Mwandishi wenu akitumwa kwenye kituo kisichoisha asiishie kupiga picha boma na kumhoji mwenyekiti wa kijiji. Aombe BOQ, aombe kipimo cha kazi iliyokwisha fanyika, aombe daftari la mapokezi. BOQ ikionyesha mifuko 2,000, daftari likionyesha imeingia 2,000 na kuta zilizosimama zikionyesha imetumika 1,400, andikeni wamekula, tena kwa herufi kubwa ukurasa wa mbele. Ikiwa zote zinakubaliana na jengo bado lipo kwenye lenta, basi mpigieni simu aliyepanga kiasi, muulizeni alienda lini kuiona hiyo saiti. Na wakisema BOQ haipo, au ipo kwenye kompyuta ya mtu aliyesafiri, hiyo nayo ni habari, iandikeni.

Mkadiriaji majenzi,
Mwanza